Kuhukumu Kazi ya Bati kwenye Land Cruiser ya Zamani

Land Cruiser za mfululizo wa 40 zilianza kutengenezwa Japani mwaka 1960, na mwaka 1984 nafasi yake ikachukuliwa na mfululizo wa 70. Injini na chasisi za magari haya zina sifa ya kudumu. Kilichoyatoa mengi barabarani ni kutu ya bodi. Bati lao ni la chuma, unene wake ni takriban milimita 1, limebanwa kwa mashine na kuunganishwa kwa weldi za nukta. Ndani ya mikunjo yake kinga ilikuwa haba tangu mwanzo. Gari lililofanya kazi miaka thelathini Tanga, Mombasa au Unguja, ambako hewa ina chumvi usiku na mchana, huliwa upesi kuliko lililokaa Dodoma au Nanyuki, lakini hata la bara hukutwa limeoza mahali palepale.

Sababu ni kwamba kutu ya gari hili haianzii usoni. Huanzia pale mabati mawili yalipolaliana: vumbi likaingia katikati, likanywa maji ya mvua na kukaa nayo. Ndiyo maana maradhi hujulikana kwa anwani zake. Ya kwanza ni boriti la nyuma, chini ya milango ya kupakilia. Hufuata sehemu za chini za ubavu nyuma ya magurudumu, maungio ya ubavu na upinde wa gurudumu kwa ndani, vizingiti vya milango ya mbele, sakafu chini ya mazulia ya mpira, na mguu wa fremu ya kioo cha mbele. Kwenye gari lenye paa gumu, paa lenyewe ni la fibaglasi. Kinachooza ni mfereji wa chuma unaolizunguka. Kipele cha rangi chenye ukubwa wa punje ya mtama upande wa nje kwa kawaida kina tundu la kupita kidole upande wa nyuma.

Land Rover ya enzi hizo ni habari nyingine. Paneli zake nyingi ni za aloi ya alumini, uamuzi uliotokana na uhaba wa chuma Uingereza baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na maradhi yake hukaa pale alumini inapogusana na chuma. Mengi ya yanayofuata hapa hayaihusu, na kipimo cha sumaku kitakachoelezwa baadaye hakiihusu kabisa.

Swali la kwanza mbele ya gari lililobadilishwa bati ni fundi alikata hadi wapi. Kutu inayoonekana ni kitovu tu. Pembeni yake kuna ukanda wa bati ambalo bado lina umbo lakini limebaki jembamba kama karatasi ya sigara. Fundi mwaminifu hukata mpaka afike penye bati linalotoa sauti kavu likigongwa na linalokataa ncha ya bisibisi. Asiye mwaminifu hukata tundu lenyewe tu, au hakati kabisa: hulaza kiraka juu ya kutu, akachomelea kingo, akafunika kwa puti. Kiraka cha namna hiyo husitiri kwa msimu mmoja wa mvua, labda miwili. Kukigundua kunataka kulala chini ya gari na tochi. Upande wa nyuma wa ubavu uliokatwa vizuri huonyesha bati moja likiendelea hadi mwisho. Wa kiraka huonyesha ngazi, bati la zamani lenye meno ya kutu mbele na bati jipya likichungulia nyuma yake.

Hapa mafundi wazuri wenyewe hawakubaliani. Wapo wanaobadilisha paneli nzima kila mara, wakitoboa nukta za kiwandani moja baada ya nyingine mpaka paneli iachie, kazi ya siku nzima au zaidi. Wapo wanaokata sehemu ya chini tu na kubakiza bati la asili juu. Kwa ubavu wa nyuma njia ya pili mara nyingi ni bora, kwa kuwa mistari iliyobanwa kiwandani hubaki kama ilivyokuwa, na mistari hiyo ndiyo jicho linayoifuata kutoka mlangoni hadi taa ya nyuma. Kwa boriti la nyuma na kizingiti mambo hugeuka. Hivyo ni visanduku vilivyofungwa pande zote, na kubadilisha uso mmoja wa kisanduku kilichooza ndani ni kufunga kidonda kilicho na usaha.

Kabla ya kukata, bodi hutakiwa kufungwa mihimili ya muda. Bodi ya mfululizo wa 40 ni kama beseni lililokalishwa juu ya chasisi kwa boliti na mipira. Vizingiti vyote viwili vikitolewa kwa pamoja, beseni hujipinda bila mtu kuona, na kosa hujitokeza wiki kadhaa baadaye mlango unapokataa kufunga. Kwa hiyo picha za kazi ikiendelea, zenye mabomba yaliyochomelewa kwa muda kuvuka nafasi za milango, zina thamani kuliko picha za gari likiwa na rangi mpya.

Bati jipya linaweza kuwa paneli iliyotengenezwa kwa kuiga ya kiwandani au kazi ya mkono. Paneli ya kuiga haina sifa kwa sababu tu imefika ndani ya sanduku. Nyingine zina kona laini mno, na mbavu za sakafu hazikai sawa na za upande wa pili. Kazi ya mkono ikifanywa na mtu anayelijua bati huzishinda. Ustadi wa kukunja na kugonga ambao mafundi wa Kamukunji, Nairobi, huutumia kwa masanduku na majiko ndio uleule unaotakiwa kwenye kizingiti cha gari, ila hapa vipimo havina huruma. Unene uwe sawa na wa bati la zamani. Mabati ya kuezekea hayafai kamwe: ni membamba, na zinki iliyoyafunika isipokwanguliwa penye mshono huchemka, hutoa moshi wenye madhara na kuacha mapovu ndani ya weldi.

Mshono ndio moyo wa kazi yote. Kuna njia mbili kuu: kulaza bati moja juu ya jingine, au kukutanisha kingo mbili uso kwa uso. Ya kwanza ni nyepesi na huvumilia ukataji mbaya, lakini inaumba upya kile kilicholeta kutu, yaani mwanya kati ya mabati mawili unaoweza kuficha maji. Ya pili inataka kingo zifuatane kwa urefu wote na pengo lisilozidi unene wa bati. Kwenye paneli za nje, mshono wa uso kwa uso ndio unaostahili kuitwa kazi nzuri. Kulaliana kukubalike pale tu kiwanda kilipolaza, na hapo weldi zifuate desturi ya kiwanda: matundu madogo yaliyotobolewa kwenye bati la juu na kujazwa, yakipangwa kwa nafasi zinazolingana ukingoni. Fundi anayejali huyasawazisha mpaka yafanane na nukta za zamani zilizo jirani.

Chombo cha kuchomelea nacho huacha saini yake. Weldi ya umeme ya vijiti ni ya chasisi. Kwenye bati la milimita 1 hutoboa, na kila tundu huzibwa kwa donge. Gesi ikishikwa na mkono uliokomaa hutoa mshono laini unaokubali kugongwa kwa nyundo, ingawa joto lake husambaa mbali. Mashine ya MIG ina joto finyu na mshono mgumu unaotaka kusagwa kwa grinda. Kuunga kwa shaba kulikuwa jambo la kawaida zamani na bado kupo. Tatizo lake ni unga wa kuyeyushia unaobaki kwenye mshono na kuinua rangi baadaye. Michirizi ya rangi ya dhahabu nyuma ya paneli ndiyo dalili yake.

Lakini swali kubwa kuliko chombo ni joto. Weldi iliyokimbizwa mfululizo kutoka mwanzo hadi mwisho huvuta bati na kulikunja. Fundi mtulivu huweka nukta moja hapa, nyingine shibiri moja mbele, hurudi katikati yake bati likipoa, na mshono wa nusu mita humchukua asubuhi nzima. Matokeo hupimwa kwa kiganja. Mkono ukipitishwa polepole juu ya ubavu, macho yamefumbwa, hugundua wimbi ambalo jicho limelikosa. Kisha kidole gumba hubonyeza katikati ya paneli: bati lililoiva kwa joto huingia ndani na kurudi kwa mlio, kama kifuniko cha kopo. Mlio huo hauponywi kwa puti. Upande wa nyuma wa mshono nao usomwe. Weldi iliyopenya huacha uzi mwembamba uliolingana. Isiyopenya huacha mstari mkavu wa kingo mbili, ishara kwamba chuma kilichounganisha kilikaa juu tu na kingi chake kimeshaondoka na grinda.

Puti si dhambi. Hata kazi bora huhitaji kiasi kidogo cha kusawazisha alama za nyundo, na safu isiyozidi milimita 2 haimdhuru mtu. Kipimo chake ni sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa chepesi ili isikwaruze rangi. Kwanza hubandikwa mahali ambapo bati halijaguswa, kwa mfano ukuta kati ya injini na abiria, ili mkono ujue nguvu ya mvuto. Halafu huburutwa taratibu kutoka juu ya ubavu kwenda chini. Inapolegea, puti imeongezeka. Inapodondoka, hapo hakuna bati la kutegemewa. Kugonga kwa kifundo cha kidole husaidia vilevile: bati hulia, puti nene hujibu kama ubao.

Kinga ya ndani ndiyo inayotenganisha kazi ya miaka miwili na ya miaka ishirini, na ndiyo inayorukwa zaidi kwa sababu mteja haioni. Mpangilio wake haubadiliki: bati safi, praima ya epoksi, kisha sila kwenye kila mshono, kisha rangi. Sila iliyopakwa juu ya bati tupu hubanduka na kugeuka mfuko wa maji. Ndani ya visanduku vilivyofungwa, ambako brashi haifiki, hupulizwa nta au mafuta mazito baada ya weldi yote kwisha. Matundu ya kutolea maji chini ya milango na vizingiti yawe wazi. Waya mwembamba uingie na kutoka bila kukwama. Mengi huzibwa na puti au rangi na mtu asiyejua kazi yake, naye huwa ametengeneza bakuli ndani ya mlango.

Ukaaji wa paneli huhukumiwa kwa usawa. Gari hili halikuwahi kuwa na mianya myembamba ya gari dogo la mjini, kwa hiyo mwanya mpana si kosa. Kosa ni mwanya unaoanza mpana juu na kufinyika chini. Mlango wa mbele ufungwe kwa kusukumwa na mkono mmoja, bila kuinuliwa. Milango ya nyuma inayofunguka pande mbili ikutane kimo kimoja. Isipokutana, boriti la nyuma limechomelewa likiwa limepinda. Fremu ya kioo cha mbele ilale juu ya boneti na kurudi wima, vishikizo vyake vikishika bila kulazimishwa. Ndipo ufike wakati wa maji: bomba likipiga kwenye mfereji wa paa na mguu wa kioo kwa dakika kumi, mtu akiwa ndani na tochi.

Rangi inahitaji maneno machache. Iliyotoka gereji jana haihukumiwi. Baada ya wiki kadhaa za jua puti na praima hunywea, na alama za msasa na kingo za viraka hupanda juu kama ramani. Siku hiyo ndiyo ya kulitazama gari kwa upande, asubuhi mapema, mwanga ukiwa chini. Nambari ya chasisi iliyogongwa kwenye reli ya mbele upande wa kulia isomeke herufi kwa herufi. Ikiwa imesagwa au kufunikwa na weldi, gari hupata matatizo ya usajili hata bodi iwe nzuri namna gani.

Ukaguzi wa mwisho hufanywa masika ya kwanza yakishapita. Zulia la mpira linyanyuliwe, na boriti la nyuma lichunguzwe kwa ndani kupitia matundu yake. Mstari wa hudhurungi unaotoka kwenye mshono unaonyesha mahali sila ilipokosekana. Wakati huo bado unasafishika kwa brashi ya waya na praima, kabla haujadai bati jingine.