Shingo bila chuma: kosa moja lililoangusha gitaa zuri la mninga

Lile gitaa la umeme la mninga, analolijenga fundi mmoja nyumbani na kulionyesha kwa video, lingekuwa kazi bora ya nyumbani kuliko zote tulizowahi kuziona zikijengwa mbele ya kamera, kama si uamuzi wake wa kuiacha trasirodi, chuma cha kurekebisha kinachokaa ndani ya shingo. Nalisema mapema ili tusizungushane. Uamuzi ule ni kosa la wazi, na hakuna ladha ya mtu inayoweza kulitetea.

Mliofuatilia video zake mnajua palipotokea. Bodi ilikuwa imekwisha kukatwa na shingo imepigwa randa ikanyooka. Fretibodi ya mpingo ilikuwa imelala mezani na mitaro yake ya freti imechongwa tayari. Fundi akakishika chuma, akakionyesha, akakigonga kwa kucha mpaka kikalia, kisha akakiweka kando. Akasema mninga ni mgumu, mpingo ni mgumu zaidi, na chuma katikati ya mbao mbili hula sauti. Akapaka gundi uso mzima wa shingo, akalaza fretibodi, akakaza jiriwa. Basi. Kazi ya wiki nyingi ikafungiwa ndani ya gundi pamoja na kosa lake.

Tuanze na hoja ya ugumu, maana ndiyo inayowadanganya wengi. Seti ya nyuzi ya 10 hadi 46, kwenye skeli (urefu wa uzi unaolia) ya inchi 25.5, ikipandishwa kwenye tyuni ya kawaida, huivuta shingo kwa nguvu ya kilo 45 na ushei. Nguvu hiyo haipumziki. Gitaa liwe jukwaani, liwe ukutani, usiku na mchana, nyuzi zinavuta. Ugumu wa mbao unazuia shingo isipinde leo, lakini hauizuii kukubali mvuto ule kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka. Kila mwenye rafu ya vitabu nyumbani amekwisha kuuona ukweli huu: ubao uliokuwa umenyooka siku ya kwanza unabonyea katikati, na ukiviondoa vitabu haurudi. Mninga nao ni mti. Nausifu sana, hautembei ovyo hali ya hewa ikibadilika na ndiyo maana mafundi wa milango wanaupenda, ila hauna kinga dhidi ya mzigo usiokoma.

Hata hivyo hilo si kosa lake kubwa. Kosa kubwa ni kudhani kwamba kazi ya trasirodi ni kuikaza shingo tu. Chuma kile kipo ili shingo iweze kurekebishwa. Shingo ya gitaa la umeme haitakiwi kunyooka kama rula, kwa sababu uzi unapopigwa unatanuka zaidi katikati na unahitaji nafasi ya kuchezea. Bana uzi wa sita kwenye freti ya kwanza na pale shingo inapoungana na bodi, kisha tazama freti ya saba au ya nane. Pengo kati ya uzi na kichwa cha freti linatakiwa liwe kama milimita 0.2 hivi, yaani unene wa karatasi mbili za kuchapishia. Chomeka karatasi mbili uone. Pengo likifika karatasi nne, nyuzi zinakaa juu, vidole vinachoka na kodi za chini zinapanda sauti zikibanwa. Likiisha kabisa, nyuzi zinagonga freti na gitaa linakoroma.

Nani anaweza kulipiga randa pengo la karatasi mbili na kulibakiza hapo masika na kiangazi? Hakuna. Peleka gitaa hilo hilo kutoka Dar es Salaam, ambako jasho la bahari linaingia mpaka ndani ya makabati, ulipeleke Dodoma kwenye ukavu, halafu pima tena. Badilisha nyuzi kutoka seti ya 9 kwenda ya 11, pima tena. Kila badiliko linaisogeza shingo. Mwenye trasirodi anachukua ufunguo, anazungusha robo mzunguko, anaendelea na mazoezi. Asiye nayo anaanza kuinua na kushusha briji, akidhani anatibu ugonjwa.

Ushahidi aliutoa fundi mwenyewe, na sijui kwa nini hakusimama hapo. Baada ya kuzigonga freti zote kwa nyundo, aliweka rula ya chuma juu ya shingo. Mwanga ulionekana ncha zote mbili, na katikati rula imekaa juu ya freti. Shingo ilikuwa imeinama kinyumenyume! Hili halina muujiza. Kila freti ina mguu wenye meno unaoingia kwa nguvu kwenye mtaro wake. Ishirini na kitu zikiingia, zinausukuma ubao wa juu urefuke, na shingo inarudi nyuma. Kwenye mbao laini meno yanajitafutia nafasi. Mpingo hautoi nafasi, kwa hiyo msukumo wote unaishia shingoni. Fundi akasema nyuzi zitairudisha. Huenda. Lakini zitairudisha kiasi gani, na zitasimama wapi? Trasirodi ya pande mbili, ile inayosukuma mbele na nyuma, ingemaliza tatizo lile mezani. Sasa anazitegemea nyuzi zifanye kazi ya ufunguo, na nyuzi hazina ufunguo.

Kuhusu chuma kula sauti, neno hili nimelipinga katika safu hii kabla na nitalipinga tena. Thaddeus McHugh wa kampuni ya magitaa ya Gibson alipata hataza ya chuma cha kurekebisha shingo mwaka 1923. Les Paul ya Gibson ya 1952 ilitoka na chuma. Stratocaster ya 1954 ilitoka na chuma. Wanaosema chuma kinaua sauti ndio hao hao wanaotusifia sauti ya magitaa hayo katika rekodi za miaka ya hamsini na sitini. Kama chuma kinakula sauti, basi sauti wanayoililia ndiyo iliyobaki baada ya kuliwa, na inawatosha kabisa.

Na kuna habari ambayo kila anayejenga gitaa nyumbani angepaswa kuijua kabla hajanunua gundi. Kosa hili la kuacha chuma alilifanya hata Leo Fender mwenyewe, mtengenezaji wa magitaa ya Fender. Magitaa yake ya kwanza kabisa ya Esquire, ya 1950, hayakuwa na trasirodi. Leo alikuwa fundi redio wa Fullerton, California, mtu wa kupunguza kila kisichohitajika, na aliamini kwamba shingo ya kipande kimoja cha mepo ngumu haihitaji msaada. Hoja ni ile ile, neno kwa neno: mbao ni ngumu. Don Randall, aliyesimamia mauzo, hakukubali. Alijua gitaa litakalojipinda dukani halitauzika, akashikilia kwamba chuma kiwekwe. Kabla mwaka huo haujaisha, shingo za Fender zilikuwa na trasirodi.

Namheshimu Leo kwa namna alivyorudi nyuma. Hakulinda fahari yake. Shingo zake hazikuwa na fretibodi ya kubandika, hivyo hakuwa na mahali pa kukifichia chuma kwa juu. Akachimba mfereji mgongoni mwa shingo, akakiingiza chuma kwa nyuma, akauziba kwa utepe wa mbao nyeusi ya mjozi (walnut). Ule mstari mweusi nyuma ya shingo ya Telecaster, ambao vijana wengi wanaudhani pambo, ni alama ya mtu aliyekubali kwamba mbao ngumu peke yake haikutosha. Tangu hapo chuma kikawa kawaida kwenye magitaa yake ya umeme.

Watetezi wa fundi wetu watasema mtu wa nyumbani hana karakana ya Fullerton. Sawa, twende nyumbani basi. Mwaka 1963, huko Feltham pembezoni mwa London, kijana Brian May, ambaye baadaye angekuwa mpiga gitaa wa kundi la Queen, na baba yake Harold walianza kujenga gitaa kwa sababu hawakuwa na fedha ya kununua Stratocaster. Harold alikuwa mhandisi wa elektroniki. Shingo waliichonga kutoka kwenye mhogani wa rafu ya juu ya meko ya zamani, na matundu ya wadudu wakayaziba kwa vijiti vya kiberiti. Alama za fretibodi zilitokana na vifungo vya lulu vya mama. Springi za tremolo zilikuwa za vali za pikipiki ya zamani, na ncha ya mkono wake ilikuwa sindano ya kufumia. Kila kitu cha kuokoteza, na kila kitu kimepimwa.

Sasa sikilizeni. Skeli ya gitaa lile ni inchi 24, fupi kuliko ya fundi wetu, maana yake mvuto wa nyuzi ni mdogo. Shingo yake ni nene kupita kawaida; waliowahi kuishika huitaja hiyo kwanza. Mbao yake ilikuwa na zaidi ya miaka mia, imekwisha kukauka na kutulia. Kama kuna watu waliokuwa na haki ya kusema hatuhitaji chuma, ni wale wawili. Wakaweka chuma! Walikitengeneza wenyewe, wakakipasha moto na kukikunja kitanzi ili kishike kwenye boliti kubwa inayoifunga shingo kwenye bodi. Gitaa hilo limepigwa kwenye rekodi za Queen miaka yote, na mwaka 2002 lilipigwa juu ya paa la Kasri la Buckingham. Shingo ni ile ile.

Basi tusisikie tena habari ya kufanya na tulicho nacho. Mpiga gitaa Franco Luambo utotoni alijitengenezea gitaa la kopo na nyaya, na hakuna atakayemdai mtoto yule trasirodi. Fundi wetu alikuwa nayo mkononi. Aliinunua. Aliiacha kwa hiari.

Na wengine wataleta mfano wa udi wa taarab, wengine magitaa ya kampuni ya Martin, kwamba yaliishi bila trasirodi. Udi una shingo fupi, hauna freti, na nyuzi zake ni laini. Acheni kuuingiza kwenye kesi isiyouhusu. Martin walianza kuweka chuma cha kurekebisha mwaka 1985, kweli, lakini kwa miongo mingi kabla ya hapo shingo zao zilikuwa na chuma kisichorekebishika ndani yake. 

Kuna jambo jingine nimelipigia kelele mpaka nimechoka: mbao inayouzwa kama kavu. Yadi ya mbao itakuapia kwamba mninga umekaa miaka. Ukiupasua, katikati bado una ubaridi wa maji. Mbao ya shingo inatakiwa ikatwe vipande vinavyokaribia kipimo, ipangwe na vijiti katikati hewa ipite, isubiri chumbani kwako, ipigwe randa kidogo, isubiri tena. Sikuona hatua hiyo kwenye video hata moja. Shingo bila chuma, ya mbao ambayo hatujui unyevu wake, ni makosa mawili yanayosaidiana.

Kazi nyingine zote ni safi. Hesabu ya freti ameigawa kwa 17.817 na siyo kwa 18 ya kubahatisha, matundu ya pikapu yamenyooka, waya wa ardhi umefika kwenye briji, na lehemu zake zinang'aa. Mkono huo ndio unaonifanya nikasirike. Fundi mbovu angeacha trasirodi nisingeandika neno.

Bado haijachelewa. Mgongo wa shingo haujapakwa chochote, tuliuona kwenye video ya mwisho ukiwa mti mtupu. Njia ya kwanza ni kuipasha fretibodi moto kwa pasi, polepole, na kupitisha kisu chembamba kwenye gundi mpaka iachie. Ila freti huenda zikabidi zing'olewe kwanza, na mpingo ukikosewa joto unapasuka. Mimi nisingepita huko. Ningepita njia ya Leo: ruta mgongoni, mfereji wa milimita 6 katikati ya shingo, trasirodi ya pande mbili ndani, kisha juu yake utepe wa mpingo uliobaki kwenye ile fretibodi. Apime unene kwanza, asije akatokeza upande wa pili, na ufunguo autolee kichwani ili marekebisho yafanyike bila kuifungua shingo.

Ndugu fundi, tunakuomba: legeza nyuzi leo, usiipake shingo mafuta, na usilipeleke gitaa hilo kwa mpigaji yeyote kabla chuma hakijaingia. Ukifanya hivyo tutaiandika kazi yako upya, na tutaiandika vizuri. Kwa sasa, gitaa la mninga halijakamilika.