Ukuta Usio na Chokaa

Fundi wa leo akiitwa kujenga huja na uzi, timazi, pima maji na mifuko ya saruji. Waliojenga maboma ya mawe ya Thimlich Ohinga, katika kaunti ya Migori, Kenya, yapata karne ya 16, hawakutumia saruji, chokaa wala udongo wa kushikia. Waliokota mawe ya vilima vyao, na hata hayo hawakuyachonga. Kuta zimesimama mpaka leo, kimo chake kati ya mita 1.5 na 4.5, unene wa wastani mita 1.

Sogelea boma la Kochieng, kubwa kuliko yote hapo, uitazame kazi. Ukuta mmoja kwa kweli ni kuta mbili: safu ya nje na safu ya ndani, na katikati mawe madogo yanayozifunga pamoja. Wageni hupiga picha za nje. Mimi nasema ufundi umo kwenye kile kijazo.

Jiwe lisilochongwa ukiliweka juu ya jenzake hutikisika. Itabidi uligeuze, ulijaribu upande huu na ule, na likikataa kabisa uliweke kando lingoje mahali pake. Penye pengo huchomekwa kipande kidogo, mpaka lile kubwa litulie. Kisha jingine. Hapana njia ya mkato, maana jiwe la chini likilegea, yote yaliyo juu yake yana shaka.

Waashi wa Great Zimbabwe nao hawakutumia chokaa, ila itale la kwao lilipasuka vipande bapa, wakavipanga kama matofali. Huku jiwe lilikuja na umbo lake, na fundi ndiye aliyelifuata.

Kuta za Thimlich hupinda, na hilo lina hesabu yake: ukuta mrefu ulionyooka, usio na kishikizo, huanguka upesi. Mahali pengine wakaongeza nguzo za mawe za kuegemeza.

Mtihani mkubwa ulikuwa mlango. Hapo ukuta unakatika, na uzito wa juu lazima ubebwe. Walichagua mawe marefu, wakayalaza juu ya uwazi yawe linta. Uwazi wenyewe ni mdogo, mtu hupita ameinama. Adui aliyeinama hana nafasi ya kurusha mkuki. Ndani kuna mashimo ya bao yaliyochongwa mwambani, kwa hiyo palikuwa pia na wasaa.

Jamii baada ya jamii zilihamia humu na kukarabati kwa mtindo uleule, mpaka maboma yakaachwa katika karne ya 20. Mengine ya aina hii yametapakaa Migori na Homa Bay, mengi yamebomoka. Thimlich iliingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2018.

Ukienda, pita mlangoni, uiname. Usipande ukutani, wala usichomoe hata kile kijiwe kidogo kinachoonekana hakina kazi.