Tangazo la Kitu Kilichokwisha Nunuliwa

Mchuuzi wa sokoni aliyemwuzia mtu birika asubuhi hamwiti tena jioni kumwuzia birika lile lile. Akifanya hivyo soko zima litamcheka. Lakini duka la mtandaoni hufanya hivyo bila haya. Mtu akisha kununua birika na kulipokea nyumbani kwake, picha za birika humfuata kwa siku nyingi katika kila ukurasa aufunguao. Watu husema mashine haina akili. Hukumu hiyo ni nyepesi, nayo yafaa kupimwa.

Mwaka 1994 Lou Montulli, mhandisi wa kampuni ya Netscape huko Marekani, alibuni kidakuzi, yaani alama ndogo ambayo tovuti huiweka katika kompyuta ya mgeni ili imtambue arudipo. Baadaye wauza matangazo waliitwaa alama hiyo wakaifanya ya kuwafuatia watu.

Sababu za kosa lao ni tatu. Kwanza, mwuza matangazo hujua jicho lilitazama nini, lakini mara nyingi hajui mkono ulilipia nini. Habari ya malipo hubaki katika daftari la duka, au mnunuzi alitazama kwa simu akaenda kununua dukani kwa miguu yake. Pili, miongoni mwa waliotazama birika jana, wako wengi ambao hawajanunua bado. Kuwachambua wanunuzi ni kazi, na kuwaonyesha wote ni gharama ndogo. Tatu, mwuza matangazo alipwaye kwa kila tangazo lionyeshwalo hapati hasara likionyeshwa bure.

Basi hapo hapana upumbavu. Pana hesabu, na katika hesabu hiyo kero ya mnunuzi haikuandikwa popote.

Tena kuna jambo zito kuliko kero. Tangazo likosalo shabaha huonekana na kuchekwa. Lile lipatalo shabaha hupita kimya, na mtu hudhani kwamba tamaa yake imezaliwa moyoni mwake mwenyewe. Kosa la birika ni mlio wa nyayo za mtu atufuataye gizani: amejikwaa, nasi tumemsikia. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, impayo mtu haki ya kupinga habari zake zisitumiwe. Lakini haki haimfai asiyejua kwamba anafuatwa. Cheka, msomaji, lakini baada ya kucheka geuka utazame nyuma.