AC128 Haiuzwi Tena

Redio iliyokuwa mezani pa fundi, pale Kipatimu, Umatumbi, ilikuwa Philips ya mzee mmoja wa Nandete, nayo ilikuwa ikiguna tu. Fundi aliifungua mgongo, akainusa, akapapasa transista kwa ncha ya kidole mpaka akaikuta inayounguza. AC128. Viwanda viliacha kuzitengeneza zamani, dunia ilipohamia kwenye silikoni.

Asiyefundwa angelehemu chochote chenye miguu mitatu. Lakini AC128 ni ya gemaniamu, huamka kwa volti 0.2 hivi, na silikoni hudai 0.6. Ukiibandika silikoni hivihivi, redio itasema, ila ukishusha sauti inakwaruza. Fundi aling'oa na ya pili yake, maana hizi hufanya kazi kwa jozi, akaweka BD140 mbili, akabadili resista inayozilisha, akasikiliza, akabadili tena. Kipimo chake ni mita ya mshale na sikio. Nadhani sikio ndilo lililoamua.

Wenye umri wangu wanajua alichokuwa akikiokoa. Redio ya namna hiyo ilikaa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na mtoto hakuigusa. Betri zikichoka zilianikwa juani ukumbini, zikapata nguvu ya jioni moja, taarifa ya habari na matangazo ya vifo, basi. Mwaka 1973 watu walikaa kwa vikundi kusikiliza vipindi vya kampeni ya Mtu ni Afya, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Oktoba 1999, sauti ya Rais Mkapa ilipotangaza kifo cha Mwalimu Nyerere, vilima vya Umatumbi viliipata habari ile kwa redio. Nani alikuwa akizihudumia miaka yote hiyo? Mafundi wa vibandani, ambao hakuna aliyewapa cheti.

Vipuri vya fundi huyu wa Kipatimu vimo ndani ya kopo la Nido, vyote vimetolewa kwenye redio zilizokufa. Kijana mmoja alimletea kiredio kipya cha elfu chache, cha kuchomeka memori kadi. Fundi alikifungua, akanionesha tone jeusi la gundi ngumu juu ya kibao: akili yote ya redio imefukiwa humo, haina namba wala miguu. "Hapa hapana pa kuingilia, kaka." Alikirudisha bila kudai hela. Kopo linapungua, na hivi vipya hata vikifa havitoi kitu cha kutia humo.