Mapengo katika Hadithi ya Mass Effect

Kosa la Arthur Conan Doyle ni mashuhuri. Katika kitabu chake cha 1887 Daktari Watson alijeruhiwa begani katika vita vya Afghanistan. Katika kitabu cha 1890 jeraha lilikwisha kuhamia mguuni. Wasomaji walicheka, kisha wakaendelea kusoma, maana Sherlock Holmes hakutegemea bega la rafiki yake kufumbua fumbo lolote. Kwa hiyo si kila tofauti katika hadithi ni ila ya hadithi. Mhakiki hana budi kuuliza kwanza: maneno mawili yaliyogongana yalikuwa yamebeba mzigo gani?

Swali hili lafaa kuulizwa juu ya Mass Effect, mchezo wa video uliotungwa na kampuni ya BioWare ya Edmonton, Kanada. Kisa cha Kamanda Shepard kilitolewa kwa sehemu tatu, mwaka 2007, 2010 na 2012. Mchezaji huchukua nafasi ya Shepard, askari aishiye katika karne ya 22, na adui zake ni Reaper, mashine kubwa zitokazo katika giza lililo nje ya nyota kila baada ya miaka 50,000 kuja kuvuna mataifa yaliyostaarabika. Mambo mawili yaupa mchezo huu hadhi ya kuhukumiwa kwa ukali. La kwanza ni kwamba uamuzi wa mchezaji katika sehemu moja huhifadhiwa na kuingizwa katika sehemu ifuatayo. La pili ni kwamba ndani yake mna kitabu cha maarifa, kiitwacho Codex, kielezacho silaha, sheria, sayari na tarehe za mataifa. Mtungaji atoaye kitabu cha namna hiyo amejifunga mwenyewe kwa kamba aliyoisokota.

Kosa lisimuliwalo sana ni la bunduki. Katika sehemu ya kwanza bunduki hukata vipande vidogo mno kutoka katika bonge la madini, hata risasi zake ni kama zisizokwisha. Ikipata moto huacha kufanya kazi, hungoja, ikapoa yenyewe. Katika sehemu ya pili joto hunaswa na vikasha vidogo ambavyo askari huvitupa na kutia vingine. Codex yasema ya kwamba vita na mashine za geth vilifundisha kuwa upande utupao risasi nyingi kwa haraka ndio ushindao. Sababu hiyo si mbaya, ingawa ni ajabu kwamba askari aliyeishiwa vikasha hawezi tena kungoja bunduki ipoe kama zamani. Lakini mashahidi wawili waikanusha. Shepard aliuawa mwanzoni mwa sehemu ya pili, akalala miaka miwili huku mwili wake ukiungwa; alipozinduka, neno lake la mapema lilikuwa kulalamika kwamba bastola aliyopewa haina kikasha. Tena kuna jahazi la angani liitwalo Hugo Gernsback, lililoanguka katika sayari ya Aeia na kupotea miaka 10, ambako vikasha vya mtindo mpya vimetapakaa chini kana kwamba duka lilikuwa karibu. Dhihaka yenyewe yapendeza, kwa sababu Gernsback wa kweli ndiye aliyeanzisha gazeti la Amazing Stories mwaka 1926. Yaonekana sababu ya mageuzi haya iko nje ya hadithi: mpiganaji alitakiwa akimbiekimbie kutafuta risasi, kama katika michezo mingine ya bunduki. Basi hilo ni bega la Watson, na lisameheke.

Mambo huwa mazito yafikapo kwenye Mass Relay, mitambo ya kale irushayo vyombo kutoka nyota moja hadi nyingine. Katika nyongeza iitwayo Arrival, ya mwaka 2011, Shepard alisukuma jabali la angani likagonga mtambo mmoja ili kuchelewesha kuja kwa Reaper. Mtambo ulipasuka, na mlipuko ukafuta sayari zote za Bahak pamoja na batarian zaidi ya 300,000. Jambo hilo halikuachwa lipite: sehemu ya tatu yaanza Shepard akiwa amezuiliwa duniani kwa ajili yake. Hapo sheria iliwekwa, tena ikatiwa muhuri kwa roho za watu. Kisha, katika mwisho uliotolewa Machi 2012, mitambo hiyo ikapasuka kila mahali, na mmoja wao u karibu na jua letu. Kwa sheria ya Bahak ulimwengu mzima uliteketea, na ushindi wa Shepard ni mauti ya wote aliowapigania.

Wako waliojibu kwamba nguvu za mitambo zilikuwa zimekwisha tumika kusambaza wimbi la silaha kuu, hazikutoka ovyo kama zilipogongwa na jabali. Jibu hili ni la akili, walakini lilitolewa na wasomaji, si na kitabu. Watungaji wenyewe walirudi Juni 2012 na mwisho uliorefushwa, ambamo mitambo yaonekana imeharibika tu, na yatangazwa kwamba yaweza kutengenezwa. Marekebisho yalifaa. Lakini yafaa kukumbuka kilichokuwa kimesahauliwa: si kanuni ya fizikia, bali wafu 300,000 ambao Shepard aliambiwa awabebe.

Upungufu wa aina nyingine ni ule wa uzi ulioachwa. Katika sehemu ya pili jua la Haestrom lazeeka upesi kuliko maumbile yake, wataalamu wakahangaika. Katika sehemu ya tatu habari hiyo haikufikishwa popote. Drew Karpyshyn, aliyeongoza uandishi wa sehemu ya kwanza, alieleza baadaye ya kwamba nishati ya giza ilikuwa moja ya fikira zilizopata kuzingatiwa kwa ajili ya mwisho, kisha ikaachwa.

Kubwa kuliko yote ni Catalyst, akili itokeayo dakika za mwisho na kujitambulisha kuwa mtawala wa Reaper. Aristotle aliwalaumu watunzi wa tamthilia watatuao mafundo kwa mungu ashushwaye kwa mashine. Hapa mungu ni mashine yenyewe. Yeye asema Citadel, mji mkuu wa angani, ni sehemu ya nafsi yake. Kisa chote cha sehemu ya kwanza kilisimama juu ya neno kwamba wataalamu wa Prothean waliharibu ishara ya kuufungua mlango wa Citadel, ndiyo maana Reaper aitwaye Sovereign akamhitaji msaliti Saren aingie na kuufungua kwa ndani. Ikiwa mwenye nyumba alikuwamo, kwa nini hakufungua? Nyongeza ya Leviathan, ya Agosti 2012, ilisimulia asili ya akili hiyo. Mlango ikauacha ulivyo.

Hata hilo laweza kuzibwa kwa werevu kidogo. Lisilozibika ni la Rannoch. Catalyst adai kwamba viumbe vya chuma lazima viwaasi waliovitengeneza, na kwamba mavuno ya Reaper ni dawa ya uasi huo. Kumbe saa chache kabla, mchezaji aliyetenda kwa busara tangu sehemu ya pili ameweza kuwapatanisha quarian na geth, waundaji na waundwa, waliokuwa maadui kwa karne tatu. Yamkini Catalyst yu sahihi: amani ya siku chache si hoja mbele ya mamilioni ya miaka. Lakini Shepard wa Machi 2012 hakupewa hata neno moja la kuitaja Rannoch. Alisikiliza, akaambiwa achague. Ila haimo katika mantiki ya mashine, ambayo yaweza kupotoka kama mantiki ya mtu yeyote. Imo katika kuukata ulimi wa mshindani wake, ambaye mchezo kwa miaka mitano ulikuwa umemfundisha kujadiliana na kila adui.

Mwisho wa Juni uliongeza njia ya nne, ya kukataa. Shepard akikataa, Reaper hushinda. Mataifa yote huvunwa, na kumbukumbu iliyofichwa na mwanazuoni Liara huja kufunguliwa na watu wa zama nyingine. Mchezaji amepewa haki ya kusema hapana. Haki ya kusema kwa nini bado hakupewa.