"Sera ya Umma": Ni ya Nani?

Miongoni mwa istilahi zilizoshika mizizi katika vyuo vyetu vikuu ni *sera ya umma*. Hutumiwa kutaja somo la shahada ya uzamili linalochunguza jinsi serikali inavyolitambua tatizo, inavyochagua njia ya kulitatua, inavyoitekeleza njia hiyo na inavyoyapima matokeo. Somo lenyewe lina manufaa makubwa. Istilahi yake, kwa maoni yetu, yafaa ihakikiwe upya.

Kwanza tuikiri faida iliyopatikana. Katika miaka ya 1960 na 1970 neno *siasa* lilibeba mizigo miwili. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitangaza siasa ya ujamaa na kujitegemea, na mwaka 1972 TANU ilitoa tamko la Siasa ni Kilimo. Hapo *siasa* ilimaanisha mwelekeo uliokubaliwa wa kuongoza matendo ya nchi. Lakini neno hilohilo lilitaja pia mashindano ya kutafuta madaraka. *Sera* ilipochukua mzigo wa kwanza, mtaalamu aliweza kuukosoa mpango wa serikali pasipo kudhaniwa kuwa anagombea cheo.

Kasoro imo katika neno la pili. Kiingereza kina kivumishi kimoja tu mahali ambapo Kiswahili, kwa busara yake, hutofautisha. Sisi husema *mkutano wa hadhara*, *shule ya serikali*, *sikukuu ya taifa* na *mali ya umma*. Katika *mali ya umma* msikilizaji huelewa mara moja kwamba mwenye mali ni watu wote. Basi akisikia *sera ya umma*, ataelewa kwamba watu wote ndio wenye sera hiyo. Lakini sivyo somo linavyofundisha. Thomas R. Dye wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 1972 kuhusu somo hili, aliiweka serikali katikati ya fasili: yenyewe ndiyo inayoamua, iwe kwa kutenda au kwa kuacha kutenda.

Huenda watetezi wakajibu kwamba umma ndio unaoguswa na sera hizo. Ni kweli, lakini kuguswa na jambo si kulimiliki. Mkulima akielezwa kwamba bei ya zao lake imepangwa kwa sera ya umma, ana haki ya kuuliza ni lini yeye na wenzake waliipanga. Istilahi isiyoweza kulijibu swali hilo humficha mwamuzi, na mwamuzi aliyefichwa hawezi kuulizwa.

Twapendekeza, kwa hiyo, *sera za serikali* kwa maamuzi ya serikali, na *mambo ya umma* kwa shughuli zinazotuhusu sote. *Sera ya umma* isitupwe, bali iwekewe mahali pake. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inaupa mkutano mkuu wa kijiji mamlaka ya juu katika kutunga sera ya jumla ya mambo ya kijiji. Wanakijiji wanapokutana, wakajadiliana na kuamua, hapo jina na kitu vinalingana.

Tunawaomba walimu na wanafunzi wa somo hili watuletee maoni yao, hasa wale watakaotupinga.