Kiinimacho katika "Maporomoko ya Maji" ya M. C. Escher

Kazi za M. C. Escher (1898–1972), mchoraji wa Uholanzi, hupokewa kwa namna mbili. Wako wazionao kuwa vitendawili vya macho, ambao wakishapata jibu huziweka kando. Na wako waonao fumbo la maisha katika kila jiwe na kila nguzo. "Maporomoko ya Maji", chapa ya jiwe ya weusi na weupe aliyoitoa mwaka 1961, haitoshelezwi na tafsiri yoyote ya mbili hizo.

Maji yaanguka kutoka juu, yazungusha gurudumu la kinu, kisha yaingia katika mfereji wa matofali wenye kona tatu. Kuta za mfereji zashuka ngazi kwa ngazi, hata mtazamaji akasadiki kwamba maji yateremka. Lakini mwisho wa mteremko huo ni pale pale juu yalikoanzia kuanguka. Nyuma yapo mashamba ya matuta, chini ipo bustani ya mimea ya ajabu, na mwanamke mmoja anaanika nguo kama siku nyingine yoyote.

Umbo la msingi ni pembe tatu isiyowezekana, iliyoelezwa mwaka 1958 na Lionel Penrose na mwanawe Roger katika jarida la saikolojia la Uingereza. Roger naye alikuwa amekwisha kuziona kazi za Escher katika maonyesho ya Amsterdam mwaka 1954. Basi deni lilikwenda na kurudi. Siri yake ni hii: sehemu mbili za mfereji zilizo mbalimbali, moja mbele na moja nyuma, zimepangwa katika mstari mmoja wa jicho, kisha nguzo zikasimamishwa kati yake kana kwamba moja iko juu ya nyingine. Kukosekana kwa rangi kwasaidia, kwani hapana ile buluu ya umbali ambayo wachoraji huitumia kumwonya mtazamaji.

Lililo kubwa ni kwamba hapana kona iliyo ya uongo. Mtu akiitazama moja moja, nyingine amezifunika kwa kiganja, ataona jengo ambalo fundi yeyote aweza kulijenga. Ndivyo ilivyo hata katika maneno. "Juma ni mrefu kuliko Ali" ni sentensi safi. "Ali ni mrefu kuliko Salimu" ni safi pia. Na "Salimu ni mrefu kuliko Juma" haina kosa la sarufi. Kila moja yaweza kuwa kweli, ila zote tatu haziwezi kuwa kweli pamoja. Uongo umo katika kuunganisha.

Kiswahili huliita jambo la namna hii kiinimacho, na kiini cha jicho ni mboni. Neno lenyewe basi laelekeza mahali pa kutafuta: katika jicho la mtazamaji, ambalo lina haraka ya kuunga vipande kuwa kitu kimoja.

Escher alieleza, kwa mzaha uliofichwa, kwamba mwenye kinu hana budi kuongeza maji kidogo mara kwa mara, kufidia yale yanayokauka. Mzaha huo ndio ufunguo wa picha. Msomaji akiisha kukubali muhali mkubwa, huanza kuhesabu ndoo. Kadhalika mhakiki aweza kupima kila tamko la hoja, asiulize kama matamko hayo yaweza kukaa nyumba moja.

Picha haikosi dosari. Maumbo ya hesabu yaliyowekwa juu ya minara miwili yanavutia, lakini hayaongezi hoja. Humwita mtazamaji atoke katika mfereji ulio kiini cha kazi. Hata hivyo dosari hiyo ni ndogo. Picha hii yastahili kutazamwa tena hata baada ya siri yake kujulikana, kwa sababu kuijua siri hakuliponyi jicho: maji huendelea kupanda yakiteremka, na mwanamke huendelea kuanika nguo zake.